Brown Bess ya mtumba: usinunue maandishi, nunua mtutu

Nianze na hukumu ili wenye haraka waende zao. Gumegume aina ya Brown Bess iliyotengenezwa na Pedersoli wa Italia, hata ikiwa imepita mikono ya watu, ni bunduki ya kununua, mradi uikague kabla hujaipenda. Yangu naipa nyota nne kati ya tano. Aliyeniuzia namwachia mbili, na moja kati ya hizo ni ya kahawa yake. Fundi aliyeikagua anachukua zote tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa.

Mimi ni fundi wa mashine hapa Louisville, Kentucky. Kutwa nzima niko na mikromita mkononi, kwa hiyo mnisamehe nikizidisha milimita. Nyumbani ni Sikonge, Tabora, ambako gobore si kitu cha makumbusho. Wazee wa pori walilijua vizuri na kovu walikuwa nalo. Hapa Louisville kuna nyumba ya kale iitwayo Locust Grove, alikomalizia uzee wake Jenerali George Rogers Clark, na kila Oktoba hufanyika soko la kuigiza maisha ya karne ya 18: wahunzi, wauza vitambaa, askari wa makoti mekundu na milipuko yao ya moshi. Nilijiunga na kikundi kimoja, na mtu ukishajiunga unatakiwa uje na bunduki yako. Ya kuazima ina mwisho.

Kwa asiyeijua, Brown Bess ni jina la utani la bunduki ya askari wa miguu wa Uingereza, iliyokuwa kazini tangu miaka ya 1720 hadi miaka ya 1830. Inajazwa kwa mdomoni, na moto wake unatoka kwa jiwe la gumegume linalokwaruza chuma. Zilitoka kwa urefu mbalimbali: za mwanzo mtutu inchi 46, kisha 42, kisha inchi 39 za mtindo wa India. Pedersoli wameiga ile ya kati, inchi karibu 42, tundu la inchi 0.75 ambalo ni milimita 19, uzito kama kilo nne. Ndani ya mtutu ni laini, hakuna mifuo. Ndugu za bunduki hizi ndizo zilizoshushwa Unguja na Bagamoyo karne ya 19 zikapanda na misafara hadi Unyanyembe, kwetu Tabora, kwa hiyo Mnyamwezi akishika moja Kentucky asionekane kituko.

Niliipata kwenye maonyesho ya bunduki, meza ya mwisho karibu na choo. Imelala kati ya upanga na redio. Kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia kuna taji, herufi GR za Mfalme George, na maneno GRICE 1762. Muuzaji akanyoosha kidole kwenye ile tarehe: "Bwana, hiyo ni ya Mfalme George wa Tatu mwenyewe." Bei dola 1,400.

Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Grice alikuwa mtengenezaji wa kweli wa Birmingham, na mwaka 1762 ni mwaka wa kweli, lakini Pedersoli wanachora maneno hayohayo kwenye nakala zao kwa sababu wananakili bunduki nzima, na maandishi yake pia. Bamba la mtambo linakwambia bunduki inamwiga nani, basi. Umri wake na asili yake viko kwenye mtutu, kule nyuma karibu na mtambo, na mara nyingi upande wa chini uliofunikwa na mbao.

Niliomba ruhusa nikawasha tochi. Pembeni mwa mtutu, nusu ikiwa imemezwa na mbao, nikaona nyota ndogo na chini yake herufi PN. Hiyo ni chapa ya Waitaliano ya mtutu uliojaribiwa kwa baruti nyeusi, polvere nera kwa lugha yao. Bunduki za Italia hujaribiwa kwa shehena iliyozidi kawaida kwenye nyumba ya majaribio ya Gardone Val Trompia, mkoa wa Brescia, ndipo hupigwa muhuri. Kando yake kuna kisanduku chenye herufi mbili, AZ. Waitaliano waliandika mwaka kwa tarakimu za Kirumi mpaka katikati ya miaka ya 1970, kisha wakaingia kwenye herufi: AA ni 1975, wakaendelea hivyo wakiruka baadhi ya herufi, na AZ ni 1990.

Nikamwambia taratibu, bila kumvunjia heshima mbele ya wateja, kwamba Mfalme George alifariki 1820. Bei ikashuka hadi 900 kabla sijamaliza sentensi. Mwishowe tuliachana kwenye 725, na kahawa juu. Simwiti mwizi, nadhani na yeye aliuziwa hadithi ileile. Ila mtu anayeuza silaha na hajawahi kugeuza mtutu wake chini juu, nyota mbili zinamtosha.

Sasa kabla ya pesa kutoka mfukoni, kuna kipimo kimoja ambacho hakina mjadala: je, imejazwa? Bunduki ya mdomoni haina chemba ya kufungua ukachungulia. Baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Inaweza kungoja miaka mingi ukutani na bado ikalipuka. Namna ya kujua ni rahisi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kifuniko cha kifa, yaani kile kibakuli cha baruti pembeni, kiwe wazi na nyundo, ile inayoshika jiwe, iwe imeshushwa. Tumbukiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, polepole mpaka uguse mwisho, weka alama ya kalamu pale unapotokea mdomoni, kisha uchomoe uulaze nje sambamba na mtutu, alama ikiwa kwenye mdomo. Ncha yake inatakiwa ifike usawa wa tundu la moto, au ipite kidogo. Ikiishia mbele ya hapo, kuna kitu ndani.

Wangu uliishia vidole viwili kabla.

Muuzaji akacheka: "Imekaa ukutani miaka yote hiyo, bwana, labda ni vumbi." Labda. Lakini vumbi halijazi vidole viwili vya bomba la milimita 19. Usijaribu kuulizia kwa kuwasha, usipulize kwa mdomo, usichokoe kwa chuma. Nilinunua kwa sharti kwamba inatoka pale jiwe limeondolewa, kifa kikiwa kimefutwa na kipande cha karatasi nyekundu kimening'inia kwenye kifyatulio ili kila mtu aone, na iende moja kwa moja kwa fundi.

Fundi wangu yuko ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Indiana. Mzee, maneno machache, karakana ina harufu ya mafuta ya kitani. Indiana hiyohiyo ndiko kuliko Friendship, kijiji chenye viwanja vya chama cha kitaifa cha wapigaji wa bunduki za mdomoni, kilichoanzishwa 1933. Wapenzi wa vitu hivi hukusanyika huko Juni na Septemba, na kupata fundi anayejua gumegume si kazi ngumu kama ilivyo mahali pengine. Tafuta wa namna hiyo. Fundi wa bunduki za kisasa, hata awe bingwa, anaweza asijue aanzie wapi.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumimina maji ndani ya mtutu na kuyaacha yakae hadi yakaanza kuchuruzika tundu la moto yakiwa meusi. Kisha akafunga skrubu ya kuvutia mbele ya fimbo, akaizungusha, akavuta. Ilitoka karatasi iliyosokotwa, nyeusi, ikifuatwa na uji wa baruti. Risasi haikuwepo. Mwenyewe wa zamani alikuwa mwigizaji kama mimi: alijaza baruti ya kishindo kitupu, akashindilia karatasi juu yake, jambo ambalo vikundi vingi vinalikataza, haikuwaka, akaenda nyumbani akaitundika. Watoto wangapi wamepita chini ya ukuta ule wakiivuta nyundo, Mungu ndiye anayejua.

Baada ya hapo akautoa mtutu kwenye mbao. Brown Bess haina pete za chuma za kushikilia mtutu kama zilivyo bunduki za Charleville za Wafaransa. Inashikwa na vijiti vyembamba vya chuma vinavyopita mbaoni. Vinagongwa vitoke kwa kijiti cha saizi yake na nyundo nyepesi. Mtu akitumia msumari na hasira, mbao inapasuka, na ukiona mbao imemeguka kuzunguka vile vitundu ujue bunduki imeshapita kwa mwenye hasira. Yangu ilikuwa safi.

Chini ya mtutu mihuri ikaonekana yote, na jina la mtengenezaji, na onyo kwamba ni kwa baruti nyeusi tu. Hilo si pambo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina shinikizo la namna nyingine kabisa, na mtutu kama huu utapasuka pale mkono wako wa kushoto ulipo.

Tulipofika kwenye mtutu nilimpigia simu mjomba wangu Sikonge, maana alikuwa ameahidiwa habari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Eti umenunua gobore?"

"Nimenunua, mjomba. La Mwitaliano."

"Sasa ni bunduki au ni bomba la maji?"

Anajua anachouliza. Magobore mengi ya kienyeji yalifuliwa kutokana na bomba la maji, nalo bomba hilo halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Na kwa mlioko nyumbani: hata gobore linahitaji kibali cha sheria ya silaha ya 2015, kwa hiyo msinichukulie haya kuwa leseni.

Ukaguzi wa mtutu wenyewe ulikuwa hivi. Fundi alidondosha kitaa kidogo cha LED hadi chini, akachungulia akiuzungusha. Anatafuta pete: mstari wa kivuli unaozunguka ndani, dalili kwamba mtutu umewahi kuvimba kwa sababu risasi haikukaa juu ya baruti, au mdomo ulizibwa na tope. Kisha akafunga kitambaa kilichobana kwenye fimbo, akakisukuma kwa mwendo mmoja huku macho ameyafumba. Pale penye uvimbe kitambaa hulegea ghafla, kisha hubana tena. Kutu ya vishimo ilikuwepo kidogo, sentimita chache za mwisho karibu na tundu, pale ile karatasi ilipokuwa imekalia. Alipima, akaridhika. Nje tulipitisha vidole na rula ya chuma. Hakuna nundu.

Nyuma ya mtutu kuna kizibo cha chuma kilichofungwa kwa uzi wa skrubu. Hapo unatafuta doa jeusi au la kijivu kwenye maungio, ishara ya gesi kuvuja. Niliuliza kama tukifungue tuone uzi. Akanitazama juu ya miwani. "Hicho hakifunguliwi kwa udadisi," akasema, na akaendelea na kazi yake.

Kasoro ya kwanza kubwa ilikuwa tundu la moto. Kawaida linatakiwa liwe kama milimita 1.6. Mimi hubeba biti za drili za kupimia. Shina la milimita 2.5 likaingia bila kuguna. Mtu aliyechoka na bunduki isiyowaka aliona dawa ni kulipanua. Tundu pana linawasha haraka, ni kweli, lakini gesi inatoka pembeni kwa nguvu moja kwa moja kwenye shavu la jirani yako wa kulia, na unapojaza, baruti inamwagika nje kupitia hapohapo. Fundi alitoboa, akakata uzi, akafunga bushi ya chuma cha pua yenye tundu jipya la saizi yake, usawa wa katikati ya kifa. Kazi safi. Nimeikagua kwa kioo cha kukuzia na sikupata cha kulalamikia, na mimi ni mtu wa kulalamika.

Ya pili ilikuwa ndani ya mtambo, na hii ndiyo ingeua mtu. Nyundo ya gumegume ina vituo viwili. Cha nusu ni cha usalama, ndipo unapojazia kifa. Kamili ni cha kufyatulia. Kipimo: toa jiwe, fungua kifuniko, vuta nyundo hadi nusu, ishike kwa dole gumba, kisha bonyeza kifyatulio kwa nguvu ya kweli, si ya adabu. Yangu ilitulia mara ya kwanza. Aliporudia, ikateleza. Alipofungua tukaona: ulimi unaoingia kwenye meno ulikuwa umechongwa kwa tupa ili kifyatulio kiwe chepesi, na aliyechonga hakujua kwamba ulimi huohuo ndio unaoshika kituo cha nusu. Akaachana nao, akaagiza ulimi mpya pamoja na kile kipande chenye meno. Hapa ndipo faida ya kununua nakala ya kiwanda kinachojulikana ilipojionyesha, maana vipuri vya Pedersoli vinapatikana. Dixie Gun Works wa Union City, Tennessee, wanauza vitu hivi tangu 1954. Bunduki isiyo na jina kila kipuri chake ni cha kufua upya, na bei ya kufua inajulikana.

Frizeni, lile bamba la chuma ambalo jiwe hulikwaruza, lilikuwa na mifereji na cheche zake zilikuwa chache na nyekundu. Cheche nzuri ni nyeupe na zinadondokea ndani ya kifa zikiwa hai. Fundi alipitisha tupa ndogo ukingoni; tupa ikauma, maana yake chuma kimelegea. Alikipasha moto, akakizamisha, akakirudishia ugumu. Sasa tupa inateleza tu.

Mbao ni walnut, na zimetulia. Panapopasuka kwa kawaida ni shingoni penye wembamba, nyuma ya mtambo, na kuzunguka mkia wa mtutu. Ukiona weusi wa mafuta umezama hapo, bonyeza kwa kucha. Mbao iliyolewa mafuta inakuwa laini na haishiki skrubu.

Ukaguzi ulikuwa dola 60, matengenezo na vipuri 240. Jumla yote, na bunduki, inagonga elfu moja na ushee, na bado ni chini ya bei ya mpya.

Kwenye ile meza kulikuwa na Brown Bess nyingine, kutoka India, kwa chini ya nusu ya bei. Mbao nzuri, shaba inang'aa. Mtutu haukuwa na muhuri wowote, na tundu la moto halikuwa limetobolewa kabisa. Nyingi husafirishwa hivyo zikihesabiwa kuwa pambo. Muuzaji alisema kutoboa ni kazi ya dakika tano. Sisemi kila ya India ni mbaya, wapo wanaozipiga mwaka hadi mwaka. Nasema mtutu ambao haujajaribiwa na mtu yeyote, mimi sitakuwa wa kwanza kuujaribu nikiwa nimeuegemeza shavuni. Na kuna wanaofunga bunduki kwenye tairi, wakajaza maradufu na kuvuta kamba, wakaita huo ni ukaguzi. Mtutu ukisalimika hujui kama umeubakiza mzima au umeuacha na ufa unaongoja siku yake.

Sheria hapa Marekani inashangaza wageni: kwa sheria ya serikali kuu ya 1968, nakala ya gumegume inahesabiwa kuwa ya kale, hivyo hainunuliwi kwa masharti ya bunduki ya kisasa. Majimbo yana yake, uliza kwanza. Ndugu zangu wa Uingereza ninyi mna zaidi: cheti cha shotgani, kibali cha baruti, na mtutu lazima uwe na muhuri halali wa majaribio, la sivyo hata kuuziana ni kosa.

Uwanjani imenifurahisha. Mwako wa kifa na mlipuko vinafuatana karibu pamoja, kitako hakipigi bali kinasukuma, na kwa mita 50 naigonga sahani ya chuma mara nyingi kuliko ninavyoikosa. Nimefunga kikinga cha shaba kando ya kifa ili moto usimfikie jirani. Ikigoma, mtutu unabaki umeelekea mbele dakika nzima kabla ya kuigusa, hata watu wakisonya nyuma yako.

Nyota iliyopungua ni ya usafi. Chuma chake kimeachwa cheupe kama za enzi zile, na kidole chenye jasho kinaacha alama ya kutu kufikia asubuhi. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, kwa hiyo siku hiyohiyo ni maji ya moto, sabuni, kukausha, mafuta. Hakuna "nitaosha kesho". Mawe natumia meusi ya Uingereza, na nayafunga kwenye meno ya nyundo kwa kipande cha ngozi. Wapo wanaofunga kwa kitambaa. Kitambaa kinashika cheche na kufuka taratibu, nanyi mko karibu na chupa ya baruti.